Vidonda Vidogo vya Mama Igoki

Kitu cha kwanza Kaari alichokiona asubuhi ile kilikuwa leso ya mama mkwe wake. Igoki alikuwa ameifunga juu, karibu na makwapa.

Siku zote Igoki alifunga leso yake kiunoni. Aliikaza mpaka fundo likawa gumu kama kokwa ya parachichi. Hivyo ndivyo alivyochuma kahawa. Hivyo ndivyo alivyokata majani ya ng'ombe. Na hivyo ndivyo alivyokwenda kugombana na watu walioacha mbuzi wao waingie kwenye migomba yake. Hapa Kanyakine watu walimjua kwa mbali kwa fundo lile, kabla hawajauona uso wake. Leo fundo lilikuwa kifuani, na lilikuwa limelegea.

Kaari alikuwa amechuchumaa akikama ng'ombe. Alimwona Igoki akitoka nyumbani polepole, mkono mmoja ukutani. Igoki aliketi juani kwenye kigoda. Hakuketi wima. Aliinama mbele, kama mtu anayetafuta sindano chini.

"Umeamkaje, mama?" Kaari aliuliza.

"Niko sawa. Maziwa yametosha?"

"Yametosha."

Mazungumzo yakaishia hapo. Kwa kawaida yaliishia hapo. Kaari alikuwa ameolewa na Mugendi, mwana wa Igoki, na mpaka sasa hakujua namna ya kuongea na mama wa nyumba hii. Igoki alikuwa mjane. Alilea watoto wake peke yake, na sauti yake ilifika ng'ambo ya mto. Kaari aliacha shule darasa la tano, akaenda kukaa na shangazi yake mjini Meru, mtaa wa Majengo. Huko alikuwa akiosha matumbo ya mbuzi kwa wachinjaji. Hiyo ni kazi ya kunyamaza, nayo ilimfaa.

Igoki alikuwa ametoka hospitalini juzi. Kwa muda mrefu alishikwa na maumivu makali chini ya mbavu, upande wa kulia, hasa akila chakula chenye mafuta. Picha ya hospitali ilionyesha mawe ndani ya kifuko cha nyongo. Zamani daktari angempasua kwa mkato mrefu. Lakini mwaka ule, 1998, hospitali ya misheni mjini Meru ilikuwa imepata mashine mpya, na daktari kutoka Nairobi alikuja kufanya kazi nayo.

"Tunatoboa matundu manne madogo," daktari alieleza siku ile ya kwanza. "Tunajaza hewa tumboni ili tuone vizuri. Kwenye tundu moja tunaingiza kamera nyembamba kama kalamu. Kwenye mengine tunaingiza vyombo. Kifuko chenye mawe tunakitoa kwenye tundu la kitovu. Baada ya siku chache mama anarudi shambani."

Mugendi alifurahi. Igoki alifurahi zaidi.

"Kama ni matundu tu, sina neno," alisema. "Nikiwa msichana nilitobolewa masikio, na jioni hiyo hiyo nikaenda kuchota maji."

Hakuna mtu aliyeuliza kitu kingine. Hawakuuliza kama kuna hatari yoyote. Hawakuuliza mgonjwa achunge nini akifika nyumbani. Matundu manne madogo, nani ataogopa?

Siku ya kuruhusiwa, daktari alisimama kando ya kitanda. Aliongea Kiswahili. Kiswahili cha Igoki kilikuwa cha sokoni tu, cha salamu na bei. Kwa hiyo Mugendi alisimama katikati ili atafsiri kwa Kimeru. Kaari alisimama nyuma akiwa na kikapu cha nguo.

"Mwulize mama kama ameanza kutoa hewa kwa chini," daktari alisema. "Yaani, amejamba?"

Mugendi aliangalia dari. Akaangalia viatu vyake. Mwisho akasema kwa Kimeru, "Mama, anauliza kama uko sawa."

"Mwambie niko sawa. Mwambie kahawa yangu inaivia mtini."

"Anasema ndiyo, daktari."

"Vizuri. Na maumivu ya tumbo? Yanaongezeka au yanapungua?"

"Mama, unaumwa?" Mugendi aliuliza.

"Umewahi kunisikia nikisema naumwa?"

"Yanapungua, daktari."

Kaari aliyasikia yote, maswali ya Kiswahili na maswali ya Kimeru. Aliona kwamba hayakufanana. Lakini mke wa mtoto atasimamaje kati ya mama na mwanawe? Tena kwa jambo kama lile? Alijitwika kikapu chake.

"Mkiona shida, mrudi," daktari alisema. Wagonjwa wengine walikuwa wanamngoja. Wakaenda nyumbani.

Na sasa leso ilikuwa imefungwa juu.

Saa sita mchana akina mama wa kanisa walikuja kumwona mgonjwa. Walileta uji wa wimbi kwenye kibuyu, na ndizi zilizopondwa. Aliyewaongoza alikuwa Mukami, rafiki wa Igoki tangu utotoni.

"Hebu tuone hicho kidonda," Mukami alisema kabla hata hajaketi.

Igoki aliinua blauzi kidogo na kubandua plasta moja. Wanawake waliinama kutazama.

"Ni hiki tu?"

"Ni hicho na ndugu zake watatu."

"Kai! Mwiba wa mchongoma umenifanyia mabaya kuliko huyo daktari. Igoki, wewe ulienda Meru kulala kwenye godoro!"

Wote wakacheka. Igoki naye alicheka. Halafu kicheko chake kilikatika katikati, akashika tumbo. Wengine hawakuona kwa sababu walikuwa bado wanacheka.

"Ni bega tu linaloniuma," alisema baadaye. "Bega la kulia."

"Hilo ni la mizigo ya kuni," Mukami alisema. "Kamba kichwani miaka yote hiyo! Kunywa uji, upate nguvu."

"Nimekunywa."

Wageni walipoondoka, Kaari alichukua kikombe cha Igoki. Kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni.

Alasiri alikwenda kwenye migomba kumwaga maji. Aliona jani la mgomba limelazwa chini vizuri, kama mtu aliyefunika kitu. Aliliinua kwa mguu. Chini yake palikuwa na matapishi ya kijani. Igoki alitapika, kisha akaficha.

Kaari alirudi nyumbani na maji ya kunywa. Alipompa Igoki kikombe, vidole vyao viligusana. Mkono wa Igoki ulikuwa wa moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

"Mama, una homa."

"Ni jua. Nimekaa juani sana. Nenda ukakate majani ya ng'ombe."

Mugendi aliporudi kutoka karakana yake ya useremala, Kaari alimngoja mlangoni.

"Mama ni mgonjwa," alisema kwa sauti ya chini.

"Mama ametoka hospitalini. Lazima ataumwa kidogo."

"Ametapika. Hali chochote. Tumbo lake limefura, ndiyo maana anafunga leso juu."

Mugendi aliingia ndani. Kaari alisikia sauti yake, "Mama, uko sawa?" Akasikia jibu. Mugendi akatoka.

"Anasema yuko sawa. Na daktari mwenyewe alisema yuko sawa."

"Daktari hakuuliza kama yuko sawa. Aliuliza kitu kingine."

Mugendi alikung'uta vumbi la mbao kutoka kwenye mikono ya shati, ingawa lilikuwa limekwisha.

"Sasa ulitaka nimuulize mama yangu kama amejamba?" alisema. "Mama yangu mzazi? Mbele ya watu? Wewe ungemuuliza?"

Kaari pia asingeweza.

Asubuhi iliyofuata Igoki hakutoka kuota jua. Kaari aliwafungulia kuku, kisha akapita kwenye upenyo wa ua mpaka kwa jirani yao, Sista Virginia. Virginia alikuwa muuguzi kwenye kituo cha afya. Alikuwa mtu wa Embu, kutoka Kianjokoma, aliyeolewa hapa. Watu wa Kanyakine walimtania kwa namna anavyotamka maneno yao, naye aliwatania vilevile.

Virginia alikuwa akianika nguo. Kaari alisimama karibu na kamba, ameshika pindo la shuka iliyoanikwa.

"Kaari," Virginia alisema bila kugeuka, "hata hii shuka yangu inaongea kuliko wewe. Kuna nini?"

"Mama anafunga leso juu."

Virginia aliacha nguo. "Juu wapi?"

Kaari alionyesha kwa mkono.

"Ametapika?"

"Ndiyo. Kijani."

"Homa?"

"Mkono wake unachoma."

"Na hewa? Ametoa hewa tangu apasuliwe?"

Kaari aliangalia chini. "Hatujui. Hakuna mtu aliyemuuliza."

"Mama yangu!" Virginia alisema. Alitupa nguo zilizobaki kwenye beseni, akapita kwenye upenyo wa ua mbele ya Kaari.

Alimkuta Mugendi uani. "Mugendi, kimbia kwa Kirimi. Mwambie tunataka pikapu yake sasa hivi. Mizigo ya ndizi itangoja."

"Kwa nini? Mama amesema..."

"Kimbia kwanza. Utaniuliza ukirudi."

Virginia aliingia kwa Igoki na kufunga mlango. Alimwambia Kaari ashike beseni.

"Huyu atoke," Igoki alisema kwa sauti dhaifu, akimwonyesha Kaari.

"Huyu anabaki, mama. Huyu ndiye aliyeona."

Virginia alimpima homa. Akafunua tumbo. Lilikuwa limefura na kukaza kama ngoma. Alipoligusa kidogo tu, Igoki aliuma mdomo.

"Mama, sasa tuko wanawake watupu," Virginia alisema taratibu. "Umeenda choo? Umetoa hewa?"

Igoki aligeuza uso ukutani.

"Tangu nitoke huko, hakuna kilichotoka," alisema. "Hata hewa. Nilikuwa nangoja ipite yenyewe. Ningemwambia nani? Mwanangu? Nimwambie mtoto niliyemzaa kwamba sijajamba?"

"Kuna aibu, najua. Maumivu yameanza kuzidi lini?"

"Jana kutwa. Leo ni kisu."

Virginia alimfunika vizuri. Alisimama mlangoni na Kaari, wakisikiliza kama gari linakuja.

"Ni matundu madogo," Kaari alisema. "Tuliyaona. Hayana hata usaha."

"Yale ni milango tu, Kaari. Kazi yenyewe ilifanyika ndani. Umewahi kuona matumbo ya mbuzi?"

"Niliyaosha Majengo."

"Basi wewe unajua kuliko Mukami na uji wake. Mchinjaji akiteleza na kisu, kikagusa utumbo?"

"Uchafu unamwagika. Nyama yote inaharibika."

"Na tundu linakuwa kubwa?"

Kaari alifikiri. "Saa nyingine hulioni. Unaona tu maji machafu yanatoka."

"Hivyo hivyo. Daktari anaingiza vyombo vyenye ncha, na kingine kina moto wa kuziba damu. Anatazama kwenye kioo kama cha televisheni, na kioo hakionyeshi kila kona. Utumbo unaweza kutobolewa au kuunguzwa kidogo asione. Si mara nyingi. Lakini hutokea, hata kwa mikono mizuri. Mgonjwa anaenda nyumbani akicheka. Baada ya siku chache, sumu inaanza."

"Na bega?"

"Bega kuuma siku ya kwanza na ya pili ni kawaida. Ni ile hewa waliyojaza tumboni. Inapanda juu, inasumbua, halafu inaisha. Kila siku mgonjwa anapaswa kuwa afadhali kuliko jana. Akiwa mbaya kuliko jana, usingoje. Tumbo likifura, homa ikija, akitapika, akikosa hewa kutoka, macho yakibadilika rangi kuwa manjano, kidonda kikitoa damu au usaha, mrudishe. Hata kama plasta ni ndogo kama kucha."

Mugendi alikuwa amerudi mbio. Alisimama nyuma yao, akihema, na alikuwa amesikia.

"Kwa hiyo lile swali la hewa..." alisema.

"Lile swali ndilo lililokuwa la maana kuliko yote," Virginia alisema. "Utumbo ukiwa mzima, baada ya kupasuliwa unaamka, unatoa hewa. Ukiumwa, unalala. Daktari haoni ndani tena. Anategemea jibu la mgonjwa."

Mugendi alikaa chini kwenye ngazi na kushika kichwa. "Nimemuua mama yangu kwa aibu," alisema.

"Hajafa. Simama umbebe."

Wakati wanamtoa Igoki, Mukami alifika na kibuyu kingine cha uji.

"Mnampeleka wapi tena? Ngojeni anywe kidogo, atapata nguvu za safari!"

"Hapana, mama," Virginia alisema. "Asile wala asinywe kitu. Akipewa dawa ya usingizi tumbo likiwa na uji, uji unaweza kupanda na kuingia mapafuni."

"Mtu mgonjwa aende na njaa? Hiyo ni desturi ya Embu?"

"Ni desturi ya kuishi."

Mukami aliangalia uso wa rafiki yake, akaweka kibuyu chini. Alivua sweta yake na kumfunika Igoki miguu.

Njia ilikuwa na matope, na Kirimi aliendesha polepole, Virginia ameketi mbele kando yake. Kila gari liliporuka, Igoki alishika mkono uliokuwa karibu. Ulikuwa mkono wa Kaari. Alishika kwa nguvu mpaka pete ya Kaari ikaingia kwenye nyama. Kaari hakuutoa.

Hospitalini daktari yule yule alikuja haraka. Alitazama tumbo, uso wake ukabadilika.

"Tangu lini?" aliuliza.

Mugendi alifungua kinywa. Akakifunga. Akamtazama mke wake. "Sema wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyeona."

Kaari alihisi masikio yanawaka moto. Watu walikuwa wengi: daktari, wauguzi, mwanamume na machela yake. Lakini Kiswahili cha Majengo kilikuwa mdomoni mwake tangu utotoni, na sasa kilitoka.

"Jana asubuhi alianza kuinama akikaa. Mchana hakula. Alitapika kijani, akaficha. Alasiri alikuwa na homa. Hajatoa hewa tangu apasuliwe. Siku ile ulipouliza, jibu halikuwa lake."

Daktari alisimama kidogo. "Asante," alisema. "Kuna dawa yoyote ametumia nyumbani? Ya dukani, au ya miti shamba? Sitamgombeza. Nataka kujua tu."

Kaari aliinama na kumuuliza Igoki sikioni. Igoki alijibu kwa kunong'ona.

"Alikuwa akitafuna vidonge vya maumivu vya dukani, vingi. Na mizizi aliyochemsha kabla ya kuja hapa mara ya kwanza. Hakusema kwa sababu aliogopa mtamfukuza."

"Vyema. Hivyo vidonge vingine hufanya damu isigande haraka. Sasa tutajiandaa."

Safari hii hawakutia sahihi wakiwa wamenyamaza. Virginia alikuwa amewaambia njiani wasiogope kuuliza. Mugendi aliuliza daktari atafanya nini na kuna hatari gani. Daktari aliketi na kueleza. Angefungua tumbo kwa mkato mrefu, kwa sababu kwa matundu asingeweza kuosha na kutazama kila mahali. Hatari ilikuwepo. Hatari ya kungoja ilikuwa kubwa zaidi. Sista mmoja wa Imenti, mzaliwa wa huku huku Meru, alimweleza Igoki mwenyewe kwa Kimeru, na Igoki alitikisa kichwa kukubali.

Walingoja nje kwenye nyasi. Mugendi alichuma majani na kuyararua vipande vidogo. Kaari aliketi akitazama mlango wa thieta, chumba cha upasuaji. Alikuwa hajawahi kukaa mahali akiomba hivyo, bila maneno, akirudia jina tu. Igoki. Igoki.

Daktari alitoka akiwa amechoka. Kofia ya kijani ilikuwa bado kichwani.

"Yuko hai," alisema kwanza, maana aliona nyuso zao. "Tumekuta tundu kwenye utumbo, dogo kuliko punje ya mtama. Tumelishona, tumeosha tumbo. Atakuwa na bomba la kutoa maji machafu, na dawa kali kwa siku kadhaa. Mngengoja mpaka kesho, labda ningekuwa nawaambia habari nyingine."

Kisha akafanya jambo ambalo hawakulitarajia. Aliketi nao kwenye nyasi.

"Tundu lile lilitokea mikononi mwangu," alisema. "Ni hatari inayojulikana ya upasuaji huu, na nilipaswa kuwaambia kabla. Tena nilimuuliza mama swali la aibu kupitia kwa mwanawe. Nilipaswa kumwita sista anayejua Kimeru, pazia likafungwa. Na nilisema, mkiona shida, mrudi. Sikuwaambia shida yenyewe inafanana na nini. Mnisamehe."

Mugendi alitupa majani aliyokuwa akiyararua. "Na mimi sikutafsiri," alisema mwishowe.

Igoki alikaa hospitalini muda mrefu. Siku za kwanza aliongea kidogo sana, na wote waliogopa ukimya ule. Kila asubuhi sista wa Imenti alikuja, akafunga pazia, akauliza kwa Kimeru kwa sauti ya chini. Kila asubuhi jibu lilikuwa hapana. Asubuhi moja Mugendi alikuwa bado kwenye korido aliposikia sauti aliyoijua, sauti inayofika ng'ambo ya mto.

"Imetoka! Sista! Njoo haraka, imetoka!"

Wadi nzima ya wanawake ilipiga makofi. Mgonjwa mmoja aliyekuwa na mguu kwenye plasta alipiga kigelegele. Mugendi alifunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yake yakatikisika. Kaari alidhani analia. Alikuwa anacheka, halafu alikuwa analia kweli.

Tangu hapo hospitali ile ilibadilisha utaratibu. Mgonjwa wa upasuaji wa matundu aliulizwa maswali yake na mtu anayejua lugha yake, mwanamke kwa mwanamke, mwanamume kwa mwanamume, bila mtoto wala mkwe kusimama katikati. Kabla ya kuondoka, yeye na mtu wa kumtunza waliambiwa dalili za hatari, kisha wakaombwa wazirudie kwa maneno yao wenyewe.

Na Kanyakine nayo ilibadilika. Igoki alipopona, aliwaalika akina mama wa kanisa nyumbani. Sista Virginia alikuja pia. Mukami alitaka kuona kidonda kipya, akaonyeshwa. Safari hii hakucheka.

"Matundu si mabaya," Igoki aliwaambia. "Mwanamke wa kitanda cha pili alitobolewa kama mimi, akarudi nyumbani mzima, na kidonda chake kilipona haraka kuliko changu hiki kirefu. Lakini msidanganywe na udogo wake kama mimi. Mkienda, ulizeni. Semeni dawa mnazokula, hata zile za kuchimba. Na mkiulizwa kama mmejamba, jibuni kama mnaulizwa jina!"

"Mbele ya mkwe?" mmoja aliuliza, na wote wakaangua kicheko.

"Mfukuzeni mkwe kwanza," Virginia alisema. "Halafu mjibu."

Baada ya miezi kadhaa mama wa Kirimi alipasuliwa kwa matundu hayo hayo. Siku ya pili alipata homa. Hakuficha. Kirimi alimrudisha siku ile ile, wakakuta kidonda kimoja kina usaha. Alipewa dawa, akalala nyumbani kwake wiki hiyo hiyo. Mukami ndiye aliyemkumbusha asinywe uji kabla ya kuonwa na daktari.

Igoki alikatazwa kubeba mizigo mpaka nyama za tumbo zishike vizuri. Kwa hiyo wakati wa kahawa aliketi chini na Kaari, wakichagua buni nyekundu na kutupa mbovu pembeni. Mazungumzo yao sasa yalizidi maziwa, ingawa aliyeongea zaidi bado alikuwa Igoki.

"Sista Virginia ameniambia siku ile ulisimama kwake umeshika shuka tu," Igoki alisema alasiri moja. "Nimezaa watoto wanne. Wananipenda, najua. Mimi niliwaambia niko sawa, na wote wakaamini. Wewe tu ulikataa. Kwa nini?"

Kaari alichagua buni moja, akaitazama, akaitia kwenye debe. Akachagua nyingine. Igoki hakumharakisha.

"Mama yangu alikuwa na sauti kama yako," Kaari alisema. "Alikufa akituambia yuko sawa."